Siku Tano Nyanda za Juu Kusini: Panda Mlima Mbeya, Kisha Shuka Iringa kwa Mkwawa



Kuna swali ambalo vijana wananiuliza kila likizo ikikaribia: "Kaka, nina siku nne tano za mapumziko na hela yenyewe ya kuungaunga, niende wapi?" Wengi kichwani wana Zanzibar. Wenye misuli wanawaza Kilimanjaro, wakisikia bei ya kupanda wanarudi zao kulala. Jibu langu siku hizi ni moja tu. Nenda Nyanda za Juu Kusini. Panda mlima Mbeya, halafu telemka Iringa ukautembee mji wa Mkwawa. Unapanda basi la kawaida, unalala gesti ya kawaida, na unarudi na kitu kichwani.

Safari hii nimeshaifanya zaidi ya mara moja, kwa hiyo nawawekea hapa mwongozo mzima: njia, siku, nguo, msosi na historia yenyewe. Historia naomba msiiruke kukimbilia ratiba, maana bila hiyo mlima ni mlima tu na Iringa ni stendi ya kununua mahindi ya kuchoma.

KWA NINI MBEYA NA IRINGA KWA PAMOJA?

Shuleni wote tulisoma kwamba Mkwawa wa Wahehe aliwapiga Wajerumani pale Lugalo, akapigana nao miaka mingi, mwisho akajiua ili asishikwe. Yote hayo ni kweli. Ila somo liliishia hapo, kama vile Nyanda za Juu zote zilikuwa na watu wa aina mbili tu, Mjerumani na Mhehe.

Sasa nendeni Mbeya mkasikie upande wa pili.

Kabla Mkwawa hajavuma, wababe wa eneo hili walikuwa Wasangu. Hawa walikaa bonde la Usangu, lile bonde pana mnaloliona mkipita Igurusi na Chimala, ambako leo ni Wilaya ya Mbarali na mashamba ya mpunga. Mtawala wao aliitwa Merere, jina ambalo warithi wake waliendelea kulitumia. Makao yake yaliitwa Utengule. Wahehe wakakua, wakaungana chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, na katika miaka ya 1870 vita kati yao na Wasangu ikawa kali. Merere akazidiwa, akaacha bonde lake, akapanda na watu wake magharibi hadi nchi ya Wasafwa, akajenga ngome mpya chini ya mlima Mbeya. Ngome hiyo nayo ikaitwa Utengule.

Ndio maana leo tuna Utengule mbili: Utengule Usangu kule Mbarali, na Utengule Usongwe hapa jirani na Mbalizi. Watu walikimbia nchi yao, jina wakaondoka nalo.

Mjerumani alipofika na kuanza kumwinda Mkwawa, Wasangu wakamwona adui wa adui yao. Wakawa upande wake. Mwisho wa yote ukoo wa Merere ukarudi Usangu, na Mkwawa akabaki anakimbia porini.

Je, walikuwa wasaliti? Hapo ndipo penye mjadala wenyewe, na nitaurudia mbele kidogo. Kwa sasa shikeni hili moja: ukienda Iringa peke yake unasikia nusu ya kesi. Ukianzia Mbeya unasikia mashahidi wa pande zote mbili, na unayaona maeneo yenyewe kwa macho yako.

UANZIE WAPI?

Kwa mtu wa Dar, Moro au Dodoma nashauri upite Iringa moja kwa moja bila kushuka, uende hadi Mbeya kwanza, halafu Iringa uipitie wakati wa kurudi. Sababu ziko tatu. Kwanza, mlima unataka miguu mipya. Pili, kila hatua inakurudisha karibu na nyumbani, kwa hiyo siku ya mwisho haikuui. Tatu, historia yenyewe inaenda hivyo: Merere anakimbilia Mbeya kwanza, Mkwawa anafuata.

Basi la Dar kwenda Mbeya linachukua siku nzima, ni zaidi ya kilometa 800. Kuna treni ya TAZARA pia, reli iliyojengwa na Tanzania, Zambia na Wachina kati ya 1970 na 1975. Treni ina raha yake, hasa ikikatiza porini, lakini ratiba yake haitabiriki. Mwenye siku tano apande basi, mwenye wiki mbili apande treni. Mwenye mkwanja apande ndege hadi uwanja wa Songwe uliofunguliwa 2012.

SIKU YA KWANZA: SAFARI NA KULALA MBEYA

Siku hii ni ya kusafiri tu, usijipangie kingine. Mkivuka Makambako hewa inabadilika, na ukishuka Mbeya jioni ndio utajua kwa nini nasema kila siku: BEBA SWETA. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita hadi wa nane baridi ya usiku sio ya mchezo, na mtu wa Dar aliyekuja na fulana moja huishia kununua koti la mtumba Mwanjelwa.

Gesti ziko za kumwaga, za bei zote. Uliza kama kuna maji ya moto KABLA hujalipa. Kula ndizi, viazi, maharage na parachichi, ulale mapema.

Mbeya yenyewe sio mji mkongwe. Ilianzishwa 1927, enzi za Mwingereza, wakati watu wanakimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Kwa hiyo usitafute majengo ya kale hapa. Ukale wa Mbeya uko milimani.

SIKU YA PILI: MLIMA MBEYA

Juu ya jiji kuna vilele viwili maarufu. Loleza ndio ule unaoonekana umeinama juu ya mji, una zaidi ya mita 2,600 na kileleni kuna minara ya mawasiliano. Kilele cha Mbeya kiko magharibi yake, kirefu zaidi, mita 2,800 na ushee. Mimi nawashauri hicho cha pili, mpandie upande wa Mbalizi, kwa sababu mnapita Utengule Usongwe, pale pale Merere alipojificha.

Sio mlima wa kamba na nyundo. Ni wa miguu na pumzi. Kuna mashamba ya kahawa na mahindi chini, kisha miti ya kupandwa, kisha majani na miamba, na sehemu ya mwisho inakaza kweli kweli. Tenga siku nzima ya kwenda na kurudi. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, maana mchana ukungu unaweza kuziba kila kitu ndani ya nusu saa.

Mambo ya kuzingatia, na hapa sitanii:

1. Usipande peke yako. Tafuta mwenyeji wa kukuongoza na mpatane bei mkiwa bado chini. Vijana wa vijiji vya huko wanazijua njia zote. Mkiwa watatu wanne mnachangia, haiumi.

2. Piteni ofisi ya serikali ya kijiji mjitambulishe. Inawachukua dakika chache, na mkichelewa kurudi kuna mtu anajua mko wapi.

3. Maji angalau lita mbili kila mtu. Usitegemee kijito.

4. Raba zenye meno au buti. Ndala za kuogea ziache gesti.

5. Wakati wa masika radi za kule juu ni hatari. Wingu jeusi likijikusanya, teremkeni hata kama kilele mnakiona. Mlima hauhami, mtaupanda kesho.

6. Simu ijazwe chaji na uizime unapopanda. Baridi inakula betri, na mtandao ukiwa wa kubahatisha ndio kabisa.

Mkifika juu siku safi, geukeni kusini. Lile lidude kubwa ni mlima Rungwe, volkano iliyolala, mita karibu 2,960. Magharibi na kaskazini nchi inaporomoka kwenda bonde la ufa la Rukwa. Sasa angalieni chini, upande wa Utengule. Hapo ndipo utaelewa akili ya Merere. Mtu aliyepigwa kwenye tambarare anatafuta nini? Anatafuta mlima wa kuegemeza mgongo. Mimi mambo haya nilikuwa nimeyasoma kitabuni, ila kusimama pale kulinifundisha kwa dakika tano kile ambacho kurasa hazikunifundisha.

Na mkishuka, kaeni na wazee mnywe soda. Wale wa asili ya Kisangu niliowahi kuongea nao hawamtaji Mkwawa kwa sauti ile ya kitabu cha darasa la tano. Hawamtukani. Wanasema tu kwamba kwao Mhehe alikuwa mvamizi kabla Mjerumani hajawa mvamizi. Msikilizeni mtu kama huyo mpaka amalize.

SIKU YA TATU: CHAGUO NI LAKO

Hapa inategemea miguu yako imeamkaje.

Miguu ikiwa mizima, nenda Ziwa Ngozi. Panda daladala za Tukuyu, shuka Isongole, tafuta mwenyeji, kisha ni mwendo wa kupanda kuelekea msituni. Ngozi ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano kwenye safu ya Uporoto. Unapenya msitu mnene wenye mianzi na ndizi pori, matope mpaka kwenye soksi, halafu ghafla miti inafunguka na ziwa liko chini yako kwa mbali, limetulia kimya. Kushuka hadi majini ni mteremko mkali sana, na huko kuteleza sio kuchafuka, ni kuumia. Ukingoni panatosha. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo ulizeni taratibu na malipo kabla ya kuingia, mdai na risiti.

Wenye ubavu zaidi wanaweza kuutaka Rungwe wenyewe, lakini huo ulipieni siku yake nzima. Misitu yake imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, na ndiko wanakoishi kipunji, nyani ambao wanasayansi walikuja kuwatambua 2003 tu na kuwatangazia dunia 2005. Wenyeji wawindaji walikuwa wanawajua siku nyingi. Baadaye ikaonekana ni jenasi mpya kabisa ya nyani, kitu ambacho hakikuwa kimetokea Afrika tangu 1923. Usipande Rungwe ukidhani lazima utawaona, ni wachache na wana aibu.

Miguu ikiwa imegoma, panda gari la njia ya Chunya. Barabara inapanda milima, na baada ya kilometa ishirini na kitu kuna mahali ambapo ardhi inakatika na chini yako limetandazwa bonde la Usangu lote. Hiyo ndiyo nchi ambayo Merere aliipoteza. Ukishaiona kutoka juu vile, ilivyo pana, yenye maji na majani ya ng'ombe, hushangai tena kwa nini watu waliipigania.

Vyovyote utakavyochagua, rudi mjini mapema. Kesho asubuhi ni basi.

SIKU YA NNE: BASI LA IRINGA NA MJI WENYEWE

Panda basi la alfajiri na ukae DIRISHA LA KUSHOTO. Baada ya Uyole na Inyala mnashuka Usangu: Igurusi, Chimala, Igawa. Kushoto tambarare, kulia ukuta wa milima. Pale Chimala kuna barabara inayopanda huo ukuta kwenda Matamba na Kitulo, yenye kona 57 za kuhesabu. Kitulo ni ile hifadhi ya taifa ya maua, tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mwenye siku ya ziada na anayesafiri kati ya Desemba na Aprili aikumbuke.

Kutoka Igawa gari linapanda tena, mnapita Makambako, Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, mpaka Iringa. Ni zaidi ya kilometa 300. Angalizo: mabasi makubwa sasa yanashushia stendi ya Igumbilo, nje ya mji. Kutoka hapo mnachukua daladala au bajaji kupandisha mjini, maana Iringa iko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo.

Huo kukaa juu ya kilima ni historia tosha. "Iringa" limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Lakini ngome yenyewe haikuwa hapa. Ilikuwa Kalenga, kilometa kama 15 kutoka mjini, kando ya mto Ruaha Mdogo. Wajerumani walipoibomoa, mwaka 1896 afisa wao Tom von Prince, yule wenyeji waliyemwita Bwana Sakarani, akaanzisha kambi mpya huku juu, na mji ukaota hapo. Jina la ngome likapandishwa kilimani na waliomshinda mwenye ngome.

Mmeiona hiyo? Utengule jina lilihamishwa na walioshindwa. Iringa jina lilihamishwa na walioshinda. Na sisi wote tunayatamka tukinunua tiketi bila kuwaza.

Jioni hii utembee mjini kwa mguu. Mji ni mdogo, hauhitaji gari:

Makumbusho ya Boma. Jengo la enzi za Wajerumani ambalo mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Anzia hapa, maana wanakupa picha nzima ya makabila na historia ya Nyanda za Juu Kusini.

Soko kuu na mitaa ya karibu yake. Nyumba za zamani za Kihindi, msikiti wa Ismailia wenye mnara wa saa, na vikapu vya Iringa ambavyo ni vizuri kuliko unavyouziwa Dar.

Makaburi ya vita. Yako kwenye mteremko wa mji, yana wanajeshi wa upande wa Mwingereza na wa Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza. Walipigana, wamelala pamoja.

Jiwe la Gangilonga. Acha liwe la mwisho, saa kumi na moja jioni. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Masimulizi yanasema Mkwawa alikuwa akija hapa kutafakari na kushauriana. Unapanda mwamba, unakaa, mji wote uko miguuni na jua linazama. Nendeni kikundi, teremkeni kabla giza halijaingia.

Usiku tafuteni chakula cha moto. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapatikana kipindi cha mvua. Ni mtamu ukiwa mbichi, ukikaa unabadilika tabia, na ukishabadilika tabia nawe utabadilika. Msiseme sikuwaambia, teh teh.

SIKU YA TANO: KALENGA, NA ISIMILA MUDA UKIRUHUSU

Asubuhi na mapema nenda Kalenga, magari yanayoelekea njia ya Ruaha yanapita. Raia kiingilio chake ni kidogo kuliko cha wageni wa nje, beba kitambulisho.

Nawapa mtiririko wa matukio ili mkifika msiwe mnaduwaa:

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilivamiwa Lugalo, mashariki ya Iringa. Zelewski aliuawa pamoja na karibu askari 300. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika walioajiriwa, hilo nalo vitabu vyetu vinalipita haraka. Kambi ya jeshi ya Lugalo pale Dar imepewa jina kutokana na ushindi huu.

Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaiteka Kalenga. Kile kilima mnachokiona ng'ambo ni Tosamaganga, penye misheni kubwa ya Wakatoliki. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo, lenye maana ya kurusha mawe, lilitokana na mabomu yaliyokuwa yakirushwa kutokea kule. Mkwawa akatoroka.

Akapigana vita ya msituni karibu miaka minne. Katikati hapo Wajerumani wakamweka mdogo wake, Mpangile, atawale chini yao. Haikuchukua miezi mitatu wakamshuku kuwa anamsaidia kaka yake, wakamnyonga mapema 1897.

Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amewekewa zawadi ya rupia 5,000 kichwani, Mkwawa akajipiga risasi Mlambalasi, njia ya kwenda Ruaha. Kaburi lake liko huko. Kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia hadi makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 likarudishwa Kalenga, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye tulimjua wote kama Spika wa Bunge.

Fuvu lenyewe limo humo ndani, kwenye kisanduku cha kioo. Ni dogo kuliko unavyotegemea. Tafadhali wadau: ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu na kupiga picha, na kama ni kujipiga wenyewe mkiwa mmekenua meno, fanyeni nje. Yule ni babu wa watu, na watu wenyewe wanaishi kijiji hicho hicho.

Baada ya Kalenga, kama basi lako ni la baadaye, mnaweza kuwahi Isimila, kilometa kama 20 kutoka mjini njia ya Mbeya. Kuna korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, na zana za mawe za watu wa kale zilizookotwa 1951 na kuchimbuliwa rasmi kuanzia 1957. Zina umri unaokadiriwa kufika miaka 260,000 na zaidi. Ukitoka kwenye ugomvi wa juzi wa Merere na Mkwawa ukasimama hapo, unajiona mdogo. Vaa kofia, jua la korongoni ni kali.

SASA TURUDI KWENYE NENO "MSALITI"

Nimesikia vijana wakimaliza kuangalia fuvu wanasema, "Wangeungana tu, Mjerumani asingepita." Ni maneno matamu, na mimi nayapenda. Lakini wangeungana kama nani? Mwaka 1894 hakukuwa na Mtanzania. Kulikuwa na Msangu aliyefukuzwa kwenye bonde lake na Mhehe, akaona mgeni mwenye bunduki anampiga Mhehe. Kulikuwa na Mpangile aliyekubali kiti na bado akanyongwa. Kulikuwa na askari Mwafrika aliyetoka mbali kula mshahara. Kila mmoja alikuwa anahesabu usalama wa watu wake.

Hii haimpunguzi Mkwawa hata nukta. Mtu aliyekataa kusalimu amri miaka yote ile ni shujaa, na shujaa wangu mimi. Ninachosema ni kwamba ushujaa wa mmoja usigeuzwe fimbo ya kuchapia wajukuu wa mwingine. Nimeshaona utani wa Mhehe na majirani zake ukianza kwa kicheko na kuishia pabaya, kisa nani babu yake alimuuza nani. Mjerumani alijua kuutumia ugomvi wetu kwa sababu ugomvi ulikuwepo. Dawa sio kujifanya haukuwepo, ni kuujua vizuri, kwa majina na mahali, ili siku mwingine akija kutuchonganisha tumwambie: hilo tulishalisoma.

Na hauwezi kusomwa kwenye kioo cha simu peke yake. Wazee wanaojua habari za Utengule hawaongezeki. Vijana wanaoongoza watu milimani wakikosa wageni wanaenda mjini kuendesha bodaboda, na njia zinaota majani. Watalii wa nje wanapita, wanapiga picha, wanaandika vitabu vyao. Sisi tunabaki kuvinunua.

YA MWISHO MWISHO

Wakati mzuri: Juni hadi Oktoba, kiangazi. Njia kavu, mawingu machache, baridi kali. Tukuyu na Rungwe mvua ni jadi yao, koti la mvua liwemo mwezi wowote.

Cha kubeba: sweta, koti la mvua, raba, tochi, kofia, dawa zako, kitambulisho, chenji ndogo ndogo. Vijijini noti ya elfu kumi inamsumbua muuza ndizi.

Salamu: ukiwa upande wa Rungwe jaribu "ugonile", Iringa sema "kamwene". Utakosea matamshi, watacheka, na ukishawachekesha watu umeshakaribishwa. Wazee shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Pesa: nauli na viingilio vinabadilika, sitawawekea bei hapa mkaja kunilaumu. Panga bajeti ya basi, gesti nne, chakula cha mama lishe na mwongozaji wa kuchangia, ongeza robo ya dharura. Mkiwa wanne mnashangaa inavyoteremka.

Haya wadau, hiyo ndiyo ramani. Wazaliwa wa Mbeya na Iringa, na hasa Wasangu maana nyie mnasikika kidogo, kama kuna simulizi ya babu yako ambayo haimo humu iteremsheni hapo chini, tuijue. Wengine tafuteni tiketi.

Naomba kuwasilisha.